Kinaa na Matumaini Ndani ya Nyumba

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Buyenzi, Bujumbura

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. 

Mara nyingi watu wakusanyikapo katika mikutano kama huu husikia khabari za mambo makubwa: ujenzi wa misikiti, madrasa, elimu ya watoto, na umoja wa Waislamu. Hayo yote ni ya lazima, wala hapana mwenye akili atakayeyadharau. Lakini lipo jambo moja lisilojengwa kwa saruji wala kuchangiwa kwa faranga, nalo ndilo linaloamua kama madrasa itapata watoto watulivu wa kufunzwa, na kama msikiti utapata watu wenye nyoyo za kuswali. Jambo hilo ni hali ya nyumba: vipi watu wanavyoamka humo, vipi wanavyokula, na vipi wanavyosemezana jioni mfuko unapokuwa mtupu. Hotuba hii ni ya khabari hizo, yaani kinaa na matumaini ya Mwislamu katika maisha yake ya kila siku nyumbani kwake.

Na itazamwe asubuhi ya nyumba moja ya Buyenzi, yo yote ile, katika njia yo yote kati ya hizi zinazoitwa kwa namba. Adhana ya alfajiri inasikika kutoka misikiti miwili au mitatu kwa pamoja. Mama anawasha makaa katika mbabula uani. Baba anarudi kutoka msikitini, anatafuta nguo yake ya kazi yenye madoa ya grisi, kwani yeye ni fundi wa magari kama walivyo mafundi wengi wa mtaa huu. Mtoto mmoja anatafuta juzuu yake, mwingine analia hataki kuoga maji ya baridi. Chai imeiva, sukari haikutosha, andazi moja linagawanywa kwa watu wawili. Kisha kila mtu anashika njia yake: huyu gereji, yule chuoni, na mama anakwenda soko la Ruvumera na kikapu chake.

Mtu akiulizwa asubuhi ile kulikuwa na nini, atajibu kwamba hapakuwa na kitu. Na katika jibu hilo ndimo ulimo ugonjwa unaotaka kutibiwa. Kwa kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alifundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, kwamba mtu aliyepambazukiwa akiwa na amani katika nafsi yake na watu wake, na mwili wake uwe mzima, na awe na chakula cha siku yake, basi huyo ni kama aliyekusanyiwa dunia nzima. Mambo matatu tu. Hakutaja nyumba ya ghorofa, wala gari, wala akiba ya mwaka. Ile nyumba ambayo ati haikuwa na kitu, ilikuwa na dunia nzima ndani yake, na wenyewe wakatoka bila ya kusema alhamdulillahi.

Katika mambo matatu hayo, la kwanza ni amani, na watu wazima wa mtaa huu hawana haja ya kueleweshwa maana yake. Mwezi wa Oktoba 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, nchi ya Burundi iliingia katika vita vya ndani vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Mitaa mingi ya Bujumbura ilitengana, huu ukawa wa kabila hili na ule wa kabila lile, na watu wakahama usiku na magodoro vichwani. Buyenzi haikutengana. Wahutu na Watutsi waliendelea kukaa humu mlango kwa mlango, na wengi waliokimbia kwingine walipata hifadhi katika nyua za mtaa huu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu.

Sasa jambo la kutafakari ni hili. Nyumba za Buyenzi hazikuwa kubwa wakati ule, wala leo si kubwa. Mwenye vyumba viwili alikuwa na watoto sita. Hata hivyo nafasi ilipatikana, mkeka ukatandikwa, na sufuria ile ile ikaongezwa maji. Watu husifu ushujaa wa waliofungua milango, na ni haki yao kusifiwa. Lakini kabla ya ushujaa palitangulia kitu kingine. Mtu hawezi kumfungulia mlango mwenye khofu, ikiwa kila siku yeye huiona nyumba yake kuwa haimtoshi hata yeye mwenyewe. Atasema: hapana mahali. Na kwa macho yake hapana kweli. Wale waliosema papo, walikuwa wamezoea tangu zamani kuuona mkeka mmoja kuwa ni kitanda, na sahani moja kuwa ni karamu. Kinaa yao ya miaka mingi, ambayo hapana aliyeiona, ndiyo iliyookoa roho za watu siku ya shida.

Neno kinaa asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuridhika na fungu ulilopewa. Baadhi ya watu hudhani kwamba kinaa ni kulala. Humwona mtu amekaa barazani tangu adhuhuri mpaka magharibi, anacheza bao, na watoto wake hawana daftari, kisha husema kwamba bwana huyu ana kinaa. Huyo hana kinaa, huyo ana uvivu, na uvivu Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga nao kwa Mwenyezi Mungu katika dua zake. Kinaa ni kazi ya moyo, haina khabari na mikono. Mikono hufanya kazi kwa nguvu zote tangu asubuhi, na jioni inapopokea ilichokipata, moyo husema kimetosha. Kesho mikono itarudi kazini.

Katika hadithi iliyo mashuhuri, Bwana Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa utajiri si wingi wa mali bali utajiri ni wa nafsi. Na ushahidi wa hayo waonekana kila mahali. Yuko mwenye maduka matatu asiyelala kwa sababu jirani yake ana manne. Na yuko mshona nguo ambaye cherehani yake ni ya mguu, yuko barazani, akimaliza suruali ya mtu huitia pasi kwa makini, hupokea haki yake, hununua ndagala na unga wa muhogo, na anapoingia nyumbani watoto humkimbilia. Ni nani tajiri kati ya wawili hao? Watu wote wajua jibu, lakini ni wachache wanaotaka kubadilishana naye.

Yapasa kusema kwamba kinaa imekuwa ngumu zaidi katika zama hizi. Zamani mtu alimhusudu jirani yake, na jirani alikuwa na shida zake ambazo kila mtu alizijua, kwa hiyo husuda ilikuwa na mpaka. Leo simu ya mkononi inamwonyesha binti wa Buyenzi harusi ya watu wa Dubai, na kijana anaona magari ya watu wa Ulaya, na hapana hata mmoja katika wale anayeonyesha madeni yake wala machozi yake. Mtu anaangalia saa nzima, kisha anainua macho, anauona ukuta wa nyumba yake una ufa. Ufa ulikuwapo jana na haukumsumbua. Bwana Mtume (s.a.w.) alikwisha kutoa dawa ya ugonjwa huo, aliposema kwamba katika mambo ya dunia mtu amwangalie aliye chini yake, wala asimwangalie aliye juu yake, kwani hiyo ni njia bora ya kutodharau neema ya Mwenyezi Mungu. Simu hizi zimegeuza jambo hilo kichwa chini miguu juu. Si haramu kuwa nayo, lakini mwenye nyumba anayeacha ile kioo ndogo ikae kati yake na mkewe tangu isha mpaka usingizi, asishangae wakiwa wageni.

Na sasa watu watazame nyumba ya aliyefundisha hayo. Vyumba vya wake wa Bwana Mtume (s.a.w.) pale Madina vilikuwa vidogo, vya udongo na makuti, na godoro lake lilikuwa ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Sayyidna Umar (r.a.) aliingia siku moja akaona alama za mkeka zimechorwa ubavuni mwake, akalia, akakumbuka starehe za wafalme wa Fursi na Rumi. Bwana Mtume (s.a.w.) akamtuliza kwa kumwuliza kama hakuridhika kwamba wale wawe na dunia na wao wawe na akhera. Bibi Aisha (r.a.) alimsimulia mpwa wake Urwa kwamba ilikuwa ikipita miezi, mwandamo baada ya mwandamo, na moto haukuwashwa katika nyumba za Mtume, wakiishi kwa tende na maji, isipokuwa majirani wa Kiansari walikuwa na wanyama wa kukama, wakimletea maziwa. Na siku moja aliuliza kitoweo, akaambiwa hapana ila siki, akaitaka, akala, na akaisifu siki ile kwamba ni kitoweo kizuri.

Watu wengi huzisoma hadithi hizi na kuishia hapo, wakasema: tazameni jinsi Mtume alivyokuwa na subira. Lakini iko sehemu nyingine ambayo wanaume wa mtaa huu yawapasa waisikie kwa masikio mawili. Katika nyumba ile, aliyekuwa wa mwisho kushiba alikuwa ni mwenye nyumba. Hakula nyama kwa watu akarudi kuwahubiria wakeze khabari za siki. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake, akishona nguo yake, akitengeneza kiatu chake na akikama mbuzi wake mwenyewe, na ikifika wakati wa Sala hutoka kwenda kuswali.

Basi na atafakari yule bwana anayepokea ujira wake mchana, akapita mahali pa mishikaki, akala yeye na rafiki zake, akanywa soda ya baridi, na akarudi nyumbani saa tatu ya usiku na faranga chache. Mkewe akimwuliza, humwambia: mke mwema huwa na kinaa. Maneno hayo ni ya kweli, ila yametoka katika kinywa kisichokuwa chake. Kinaa haiagizwi kwa mtu mwingine kama mzigo unavyoagizwa kwa mchukuzi. Anayeitaka ikae nyumbani kwake aanze kuivaa yeye, na aivae mbele ya wote, ili watoto waone kuwa baba amechukua kipande kidogo cha samaki na kile kikubwa akakisukuma upande wao.

Na sheria yenyewe haikumwacha mwanamke bila ya haki. Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan, alimwendea Bwana Mtume (s.a.w.) akashitaki kwamba mumewe ni mtu bakhili, hampi cha kumtosha yeye na mtoto wake. Bwana Mtume hakumwambia kamwe: nenda ukawe na kinaa. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na mtoto wake kwa kadiri ya ada njema. Mwanamke aliyenyimwa akidai haki yake, haambiwi kuwa hana shukrani. Na mwenye kuitumia dini ili kufunika ubakhili wake, huyo amefanya makosa mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Kwa upande mwingine, iko shida ya kweli, isiyokuwa na ubakhili ndani yake, na kwa shida hiyo hapana kisa kizuri kuliko cha Bibi Fatima (r.a.), binti wa Bwana Mtume. Alikuwa akisaga nafaka kwa jiwe la mkono mpaka mikono yake ikaota sugu. Akasikia kwamba baba yake ameletewa mateka, akaenda kumwomba mtumishi wa kumsaidia, asimkute, akamwachia Bibi Aisha maneno. Usiku, yeye na mumewe Sayyidna Ali (r.a.) wakiwa wamekwisha kulala, Bwana Mtume (s.a.w.) akaja, akakaa kati yao, hata Sayyidna Ali akasimulia kwamba aliuhisi ubaridi wa miguu yake. Akawafundisha kwamba wanapokwenda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34, na kwamba hayo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Jiwe la kusagia halikuondoka asubuhi ile. Sugu hazikutoka mikononi. Lakini atazame mtu yale yaliyotokea ndani ya chumba kile. Mzazi hakuidharau shida ya mwanawe, wala hakungoja asubuhi. Alitoka nyumbani kwake usiku na baridi, akaja mwenyewe. Akakaa kitandani pao. Akawapa jambo la kufanya pamoja, mke na mume, saa ile ambayo wachovu wawili huwa tayari kugombana. Na Sayyidna Ali (r.a.) alisema baadaye kwamba hakuliacha jambo lile tena maisha yake yote. Ni nyumba ngapi leo ambazo mke na mume hulala kila mmoja akitazama ukuta wake, kwa sababu ya deni la kodi au ada ya skuli, na kumbe lau wangelikaa wakahesabu pamoja, kwanza tasbihi kisha faranga zilizobaki, mzigo ungelikuwa nusu?

Jambo la madeni ya harusi litatajwa kwa ufupi tu, maana kila mtu analijua na hapana anayetaka kuwa wa kwanza kuliacha. Kijana anakopa ili watu wale siku moja, kisha anakula yeye na mkewe mihogo mikavu miaka miwili ili alipe. Na wale waliokula huwa wamekwisha sahau hata rangi ya nguo ya bibi harusi. Wazee ndio wenye ufunguo wa mlango huu, si vijana.

Yakija matumaini, hayo ni ndugu wa kinaa, ingawa watu wengi hudhani ni maadui. Hudhani kwamba aliyeridhika na leo hana haja ya kesho, na mwenye kuitumai kesho hawezi kuridhika na leo. Wanaotaka kuona vipi mambo mawili haya hukaa pamoja katika kifua kimoja, wasiende mbali. Washuke mpaka ufukoni, wakawaulize wavuvi.

Ziwa Tanganyika ni refu kupita kilomita 600, na kwa kina ni la pili katika maziwa yote ya dunia. Ndagala, ambao ndio kitoweo cha wengi, huvuliwa usiku kwa taa. Jioni mitumbwi hutoka, na giza likiingia, mtu aliye ufukoni huona taa zimetandaa majini kama mji mwingine. Samaki hufuata mwanga, hukusanyika chini ya taa, na wavu hupandishwa. Lakini mwezi unapokuwa mpevu, maji yote huwa na mwanga, samaki hutawanyika, na taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kuwakusanya. Siku hizo pato huwa dogo mno, na wengi hawatoki kabisa.

Siku hizo mvuvi hufanya nini? Hukaa nyumbani kwake. Huutandaza wavu uani akaushona palipotoboka. Huziba mtumbwi. Huwaona watoto wake mchana, jambo ambalo siku za giza halimpati kwa kuwa mchana hulala. Nyumbani hupikwa maharage na sombe, na hapana anayeuliza samaki yuko wapi. Hajasikika bado mke wa mvuvi aliyeukasirikia mwezi. Wote wanajua kwamba giza litarudi, lakini pia wanajua kwamba wavu usioshonwa sasa hautavua kitu litakaporudi. Anakula maharage kwa furaha, na mkononi ana sindano ya wavu. Hiyo kula kwa furaha ndiyo kinaa, na ile sindano ndiyo matumaini.

Wala asidhani mtu kwamba mwenye matumaini haruhusiwi kulia. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Na mzee huyo huyo, kipofu, aliyepotelewa na wana, ndiye aliyewaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Kilio na matumaini vilikaa katika moyo mmoja. Na Bwana Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, macho yake yalitoka machozi mbele ya watu wote, akaeleza kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila la kumridhisha Mola. Kwa hiyo mama aliyempoteza mtoto asiambiwe anyamaze. Aachwe alie, na majirani wampikie.

Jumapili tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Mali ya maelfu ya wafanya biashara iliteketea kwa siku moja, na wengi katika hao walikuwa na deni la benki au la jamaa juu ya mali ile. Mtaa huu nao ulikuwa na watu wake mle. Ilikuwa siku ya msiba, na hapana haki ya mtu kuifanya ndogo. Lakini wale walioinuka tena, wengi wao waliinukia wapi? Waliinukia uani. Mama aliyekuwa na kibanda cha vitambaa alianza tena kwa sambusa za kuuza mlangoni, na mumewe akazipeleka yeye mwenyewe gereji kwa gereji bila ya kuona haya, na watoto wakakunja ngozi za sambusa baada ya kurudi chuoni. Nyumba ambazo kabla ya moto mume alikuwa hajui mkewe anauza nini, na mke hajui mumewe anadaiwa na nani, hizo ziliungua mara mbili. Nyumba ambazo mambo yao yalikuwa wazi, zilipata pa kuanzia.

Na liko jambo moja zito linalozifikia nyumba nyingi za mji huu, nalo ni safari za Arabuni. Vijana, na siku hizi mabinti zaidi, huenda Saudia, Oman na kwingineko kutafuta kazi za majumbani. Safari si kosa. Babu za watu wengi wa Buyenzi walifika hapa kwa safari, kutoka Ujiji, kutoka Kongo, na kutoka pwani, wala Uislamu wenyewe usingelifika ukingo wa ziwa hili kama watu wasingelisafiri. Anayekwenda kwa idhini ya wakubwa wake, kwa mkataba anaoujua, na kwa nia ya kusaidia wazazi, aombewe kheri. Lakini wengine huondoka kwa sababu wameambiwa tangu utotoni, na pengine na mama zao wenyewe, kwamba katika nyumba hii hapana kitu na hapatakuwa na kitu. Binti aliyelelewa kwa maneno hayo hawezi kukataa mkataba mbaya, maana hana mahali moyoni mwake pa kurudi. Na yule aliyelelewa akijua kwamba uji wa nyumbani, ingawa ni mwepesi, ni wake, huyo akidhulumiwa ugenini hupiga simu akasema: mama, nataka kurudi. Na mama humwambia: rudi, mwanangu. Watu wasiulize kwanza amerudi na nini.

Bibi Hajar (r.a.) aliachwa katika bonde lisilo na mmea, na mtoto anayelia kwa kiu. Hakukaa chini akasema ameridhika. Alipanda Safa, akashuka, akapanda Marwa, mara saba, akitazama kama kuna mtu. Mbio zile zilimpendeza Mwenyezi Mungu hata akazifanya kuwa ibada ya kila hujaji mpaka leo. Na maji hayakutokea Safa wala Marwa alikokuwa akikimbilia. Yalitokea pale alipomwacha mtoto.

Kule Rumonge, kusini ya Bujumbura ukingoni mwa ziwa, watu hulima michikichi ya kutoa mawese. Mchikichi ukipandwa leo, mwenyewe hungoja miaka mitatu au minne kabla ya kuona chikichi za kwanza, kisha mti huzaa miaka ishirini na zaidi. Na kila msimu wa mvua huonekana wazee wenye mvi, ambao hesabu ya umri wao wanaijua vizuri, wakichimba mashimo na kutia miche. Bwana Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche wa mtende mkononi mwake, akiweza kuupanda kabla hakijasimama basi na aupande. Mzee wa Rumonge huenda hajapata kuisoma hadithi hiyo. Hupanda mchikichi wake, hukung'uta udongo mikononi, hukaa chini ya mti mwingine alioupanda baba yake, akala chakula alicholetewa na mjukuu kutoka nyumbani: ugali wa muhogo, na ndagala waliopikwa kwa mawese.